Seli za Mtoto wa Nyamirambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla sijagusa hata kioo kimoja. Nilikuwa nimevaa koti jeupe jipya alilonishonea baba, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Nyamirambo, Kigali, refu, lenye mikono mipana kama kanzu ya Idi. Msimamizi wa Maabara ya Patholojia, mzee mwembamba aliyesomeshwa kwa Kifaransa na asiyependa kurudia neno, aliutazama moto wa spiriti mezani, akaitazama mikono ya koti langu, akasema, "Madamu, hapa kuko moto na kuko pombe ya kuoshea vioo. Hiyo mikono yako itatuchoma sisi bote. Rudi kwa fundi."

Nilirudi nikilia. Baba hakunibembeleza. Alilitandaza koti mezani, akatia mpira kwenye vifundo vya mikono, akalikunjakunja na kunirudishia. "Huyo mzee anajua kazi," alisema. "Mimi nilishona kwa kupendezesha, yeye anataka ya kufanyia kazi." Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, makoti yangu yote yalikuwa na mpira mikononi.

Vijana mnaoingia maabara siku hizi mnaniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa zamani, na naona usoni mwenu kwamba mnasubiri hadithi tamu ya bibi. Sina. Nina hasira. Nimekuwa na hasira tangu mdogo wangu Aziza alipokatwa mguu, na kila ninapopita mbele ya duka la yule mtu nitakayemfikia baadaye, hasira hiyo inanipanda upya kama ya jana. Lakini nitawaeleza kazi kwanza, kwa utaratibu, kwa sababu asiyeielewa kazi yenyewe hawezi kuelewa ni kitu gani kilichonikasirisha.

Patholojia ni kazi ya kuutafuta ugonjwa ndani ya nyama ya mwili. Daktari wa upasuaji anakata kipande, anakileta kwenye kichupa. Sisi tunakigandisha ndani ya nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunavilaza juu ya kioo, tunavitia rangi, kisha tunaviweka chini ya hadubini. Msimamizi alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako kimya.

"Unaona nini?"

"Naona kansa, mkubwa."

"Oya, hapana. Kansa ni jina. Mimi nakuuliza unaona nini."

Basi ilikuwa lazima useme: naona seli zimesongamana, viini vyake ni vikubwa na vyeusi, nyingine zinagawanyika mahali ambapo hazikutakiwa kugawanyika. Ukimaliza kusema ulichokiona, ndipo ulipewa ruhusa ya kutaja jina. Mwaka mzima nilimchukia mzee yule. Nilimwigiza nyumbani, Aziza akicheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa bado msichana wa shule, na mimi ndiye niliyekuwa namlipia ada na kumsuka nywele, kwa kuwa mama yetu alikwisha kufariki. Nawaambia hili mjue kwamba Aziza kwangu si mdogo tu. Nilimlea.

Baada ya miaka ya patholojia nilipelekwa masomoni Dar es Salaam, na niliporudi nikahamishiwa kwenye taasisi moja ya utafiti hapa Kigali, kitengo cha kukuza seli. Mkuu wa Kitengo alikuwa mama aliyekulia Tanzania, Mkristo, mwenye Kiswahili kilichonyooka kutuzidi sisi tuliozaliwa Nyamirambo tukidhani Kiswahili ni chetu. Alitutania sana kwa hilo. Lakini akivaa glovu, utani uliisha.

Kukuza seli ni kuzilea seli hai nje ya mwili. Unazilaza ndani ya chupa bapa, unazimwagia chakula chake, maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi na protini, unaziweka ndani ya kabati lenye joto la mwili. Zinajishika chini ya chupa na kuanza kugawanyika. Zikijaa chupa, unazibandua, unahamishia sehemu yake kwenye chupa mpya. Uhamisho huo tuliuita pasaji. Kazi yote hufanyika ndani ya kabati jingine, la hewa safi, mikono yako ikiwa ndani na uso wako nyuma ya kioo, na humo hupigi chafya wala soga.

Tulihitaji seli za ngozi changa. Mnajua ngozi changa inapatikana wapi? Kwenye jando. Watoto wa Kiislamu wa Nyamirambo walikuwa wakitahiriwa zahanati wakiwa wachanga, na kile kipande kinachokatwa, govi, huzikwa ardhini na wazazi. Nilitumwa mimi, kwa kuwa ni wa mtaa, kwenda kuwaomba akina mama watupe. Mungu wangu, nilitaniwa! Mpaka sokoni waliniita Mama Magovi. Wengine walikataa kabisa, wakisema kitu cha mtoto wao lazima kiende udongoni, nami niliwaheshimu. Aziza, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, Nasri, alikubali mbele ya watu wote.

"Chukua, Dada," alisema. "Huyo kipande wewe utamuzika kwa maabara."

Seli za Nasri ndizo zilizokua vizuri kuliko zote. Kwenye chupa hatukuandika jina la mtoto, sheria haikuruhusu, tuliandika alama tu. Lakini siku ya zahanati mtaa mzima ulikuwapo, na katika mazungumzo ya kitengo tulizoea kuziita seli za mtoto wa Nyamirambo. Nyingine tulizikuza, nyingine tukazigandisha ndani ya mtungi wa nitrojeni, ambamo seli hulala bila kuzeeka mpaka siku ya kuamshwa.

Sasa nieleze kuzeeka kwa seli, na tafadhali sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo walaghai wanapopatia mlango.

Ndani ya kila seli kuna kromosomu, nyuzi ndefu zilizobeba jeni, yaani maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Kwenye ncha za kila kromosomu kuna kipande kisichobeba maelekezo yoyote, herufi zilezile zinazojirudia. Hicho ndicho telomea. Kila seli inapogawanyika inanakili nyuzi zake, na vimeng'enya vinavyonakili haviwezi kuimaliza ncha ya mwisho kabisa, kwa hiyo telomea hufupika kidogo. Nilipomweleza baba alielewa kabla sijamaliza sentensi. Nguo ikichambuka pindo, fundi anakata zile nyuzi zilizochambuka na kupinda upya. Anakata kwenye akiba ya kitambaa, maua ya nguo hayaguswi. Lakini akiba ina mwisho wake.

Telomea ikifupika sana, seli inaiona ile ncha kama uzi uliokatika, inashtuka, na inafungua jeni fulani ambazo kazi yake ni breki. Inaacha kugawanyika. Seli za ngozi kama zile za Nasri hufika hapo baada ya kugawanyika mara arobaini au hamsini hivi. Mkuu wa Kitengo alituita wote kuitazama chupa ya kwanza iliyofika. Zile seli zilizokuwa nyembamba na ndefu kama nyuzi zilikuwa zimetanuka, zimekuwa bapa, zimelegea. Tukazitia rangi maalumu, zikageuka buluu. Buluu ni dalili ya seli iliyozeeka.

"Zimekufa?" aliuliza mmoja wetu.

"Hazijafa," alijibu Mkuu. "Zimestaafu. Zinakula, zinapumua, hazigawanyiki tena. Na msidhani mstaafu anakaa kimya. Hizi zinatoa kemikali za kuleta uvimbe, zinawasumbua majirani mpaka nao wanazeeka."

Tulicheka sana, maana sote tulikuwa vijana na ustaafu ulikuwa jambo la watu wengine.

Kuna kimeng'enya kinachoweza kuirudisha akiba ya pindo. Kinaitwa telomerasi. Jeni yake imo ndani ya kila seli yako, hata ya kisigino. Lakini kuwa na jeni si kuitumia. Baba alikuwa na mifano yote ya karatasi imetundikwa ukutani, wa kanzu, wa suruali, wa gauni, na akishona kanzu anautungua ule wa kanzu peke yake. Seli nayo inafungua jeni inazozihitaji na kuzifunga nyingine kwa alama ndogo za kikemikali. Seli ya ini na seli ya jicho zina maelekezo yaleyale, tofauti yao ni ipi imefunguliwa na ipi imefungwa. Jeni ya telomerasi imefunguliwa kwenye seli zinazotengeneza mbegu za uzazi na kwenye seli mama chache, zile zinazozaa seli nyingine. Kwingine kote imefungwa, na imefungwa kwa faida yetu. Mnajua nani anayeifungua bila ruhusa? Kansa. Seli ya kansa huirudisha akiba yake kila mara, ndiyo maana haichoki. Na umri unavyokwenda, alama zenyewe za kufungulia na kufungia huyumba, jeni zilizofungwa zikalegea, zilizofunguliwa zikajifunga. Kwa hiyo kuzeeka si jambo moja la kutibiwa kwa kijiko. Anayekuambia ana dawa ya kuzirefusha telomea zako zote, muulize kwanza anakutakia nini.

Mkuu wa Kitengo alikuwa na amri moja ambayo hakuwahi kuisamehe ikivunjwa. Aina moja ya seli, chupa moja ya chakula. Seli za kawaida zinahudumiwa asubuhi, zile za kansa, ambazo kila maabara huwa nazo kwa ajili ya kujaribia dawa, zinahudumiwa mwisho, peke yake, na kabati linasafishwa baadaye. Sababu yake ni nyepesi. Seli ya kansa ikidondokea ndani ya chupa ya seli za kawaida, hata moja tu, inagawanyika haraka kuliko wenyeji. Baada ya wiki chache wenyeji wamekwisha, mgeni amejaa chupa nzima, na jina lililoandikwa juu ni lilelile.

Mama yule alistaafu, mimi nikashika uongozi wa chumba cha seli, na akaja Mkurugenzi mpya. Alikuwa amekulia Uganda, amesoma mbali, kijana kwangu, msemaji mzuri, mwenye suti za kukaa vizuri. Msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa mwanasayansi hodari, alijua yote niliyowaeleza hapa na zaidi. Ndiyo maana sijamsamehe. Mjinga ningemsamehe.

Alikuja na mradi wa majani ya mmea mmoja unaoota Gahanga, upande wa kuelekea Bugesera, ambao wazee huchemsha kwa ajili ya maumivu. Alitaka kujua kama maji yake yanachelewesha kuzeeka kwa seli. Swali zuri, sikulipinga. Tukaziamsha seli za mtoto wa Nyamirambo kutoka kwenye nitrojeni, tukazigawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa chakula cha kawaida, kundi la pili chakula kilichochanganywa na maji ya majani, kila kundi na chupa yake ya chakula.

Ndipo wakaja wageni na kamera. Mkurugenzi alivaa glovu mwenyewe, akaketi mbele ya kabati la hewa safi. Alitaka kamera ione tofauti ya seli zinazozeeka na zisizozeeka, akaingiza humo seli za Nasri za kundi la majani pamoja na chupa ya seli za kansa, zote kwa wakati mmoja, akazihudumia zote kwa pipeti moja, kile kijibomba cha kunyonyea maji, kutoka chupa moja ya chakula, ile yenye maji ya majani. Nilimwambia papo hapo, mbele ya wageni.

"Mkurugenzi, hizo haziingii pamoja."

Alicheka. "Madamu iko mkali sana," aliwaambia wageni, nao wakacheka.

Walipoondoka nilimwambia chupa ile ya chakula imwagwe. Akasema majani yale yamechukua muda kuandaliwa, hawezi kumwaga kwa sababu ya woga wangu. Chupa ikarudi kwenye friji kwa amri yake, nami nikaandika pingamizi.

Nadhani mmeshaelewa kilichotokea. Kundi la chakula cha kawaida lilizeeka kama kawaida, likageuka buluu. Kundi la majani liliendelea kugawanyika, likapita mpaka wake, likaendelea tu. Nilipoweka jicho kwenye hadubini nilisikia sauti ya yule mzee wa patholojia nyuma yangu. Unaona nini? Niliona seli fupi, zenye pembe, zimebanana kama mawe ya barabara zetu za mtaani. Seli za ngozi ni ndefu kama nyuzi. Zile hazikuwa za Nasri. Nilimwita Mkurugenzi aangalie, akaangalia muda mrefu, nami nikaiona shingo yake ikilowa jasho. Aliona. Tulipeleka sampuli ikapimwe utambulisho wa DNA, na jibu likarudi bila utata. Ilikuwa kansa yetu wenyewe, ile ya kujaribia dawa.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshakwenda redioni. Kwa ile sauti yake nzuri alikuwa ametangaza, "Seli za mtoto wa Nyamirambo zimekataa kuzeeka. Mmea wetu umesimamisha saa ya mwili."

"Basi rudi redioni useme ni makosa," nilimwambia.

"Madamu, wewe iko na uzoefu, sibishi. Lakini tukisema sasa, wafadhili wote wanakimbia. Itaandikwa kwa ripoti."

"Watu hawasomi ripoti. Walisikia redio."

"Rwose, kweli, Madamu, hiyo si kazi yako."

Iliandikwa kwa ripoti, kweli, mstari mmoja mahali ambapo hata mimi nilitafuta kwa shida. Mradi ukafungwa kimyakimya, Mkurugenzi akapandishwa cheo kwenye ofisi nyingine, na mimi nikahamishiwa dirisha la kupokea sampuli. Huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu, nikibandika namba kwenye vichupa. Waliniambia ni kazi nyepesi inayofaa umri wangu.

Bwana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akiuza simu na chaja, aliisikia redio ile. Akatafuta majani, akayachemsha, akayatia kwenye chupa za plastiki zenye picha ya kromosomu na neno Telomea kwa herufi za dhahabu. Akavaa koti jeupe. Akaanza kuitwa Dogiteri, yaani daktari. Mlangoni akatundika spika, na kutwa nzima ile spika inarudia sauti ya Mkurugenzi: seli za mtoto wa Nyamirambo zimekataa kuzeeka.

Sasa fikirieni mdogo wangu. Aziza alikuwa na ugonjwa wa sukari. Vidonge vilimchosha, sindano zilimchosha zaidi. Na kila akienda sokoni anaisikia spika ikitangaza kwamba seli za mwanawe, zile alizozitoa mwenyewe mbele ya watu, zimeshinda uzee. Wateja wengine wa Dogiteri walidanganywa na redio tu. Aziza alinaswa na fahari ya mama. Alikuwa anawaambia majirani, "Hiyo dawa ni ya kwetu. Imetoka kwa mtoto yangu." Kwake ilikuwa kama kuipokea zawadi aliyoitoa zamani, imerudi imekua. Akaacha vidonge, akaacha sindano, akawa anakunywa chupa.

Nilimwambia, nawaapia. Nilimwambia yote kama nilivyowaambia ninyi, pamoja na kwamba zile seli zilikuwa kansa. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma yake ilinichoma kuliko matusi.

"Dada, wewe walikutoa kwa kazi, ndiyo maana iko na uchungu. Mkurugenzi ni dogiteri mukubwa. Atadanganya kwa redio?"

"Ndiyo, amedanganya!"

"Sha, sasa nani nitamuamini? Yeye iko kwa redio, wewe iko kwa dirisha."

Nikamfuata Mkurugenzi kwenye ofisi yake mpya. Nilimkuta nyuma ya meza pana, akanikaribisha kwa heshima, akaniagizia chai. Nilimwomba, sikumtukana, aende redio ileile aseme maneno mawili tu. Mdogo wangu angemwamini yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nampa pole sana mdogo wako," alisema. "Lakini mimi sikuuza dawa kwa mtu yoyote. Huyo muuzaji ndiyo mwenye kosa."

"Anauza kwa sauti yako."

"Sauti ni ya jana, Madamu. Mambo iliisha."

Sikuinywa ile chai. Niliikumbuka wiki chache baadaye, nimekaa kwenye benchi la hospitali na Nasri. Kiatu kipya kilikuwa kimemchubua Aziza kidole, naye hakusikia, maana sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za miguu. Kidonda kikaoza chini ya soksi huku yeye akiongeza dozi ya majani. Alipotuonyesha, weusi ulikuwa umeshapanda kifundoni. Wakaukata mguu chini ya goti.

Nasri aliniuliza, "Mama Mkubwa, ni kweli ni seli yangu ilifanya hivyo?" Kijana mkubwa, fundi mwenye cherehani ya babu yake, analia kama mtoto kwa kipande cha ngozi kilichokatwa kabla hajajua kuketi. Nikamwambia seli zake zilizeeka kwa adabu kama seli za binadamu yeyote, na hazikumdhuru mtu. Kama Mkurugenzi angepita kwenye korido ile, sijui ningemfanya nini.

Nilistaafu mwezi uleule. Kulikuwa na keki, kulikuwa na hotuba, nikapewa saa ya ukutani. Mkuu mpya wa Utumishi aliniambia sasa ni wakati wa kupumzika na kulea wajukuu. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikapumzika siku chache, nikashindwa.

Duka la Dogiteri linatazamana na kibanda cha Nasri, kile kilichokuwa cha baba. Baraza ni yetu, hakuna wa kunifukuza. Nikavaa koti langu jeupe lenye mpira mikononi, nikachukua kigoda, nikaketi. Kila anayetoka pale na chupa namwita, "Njoo, mwanangu, nikueleze unachokinywa." Wengine wanakuja. Wengi wanapita mbio, maana bibi mwenye kelele barazani anaonekana kichaa. Dogiteri alinishtaki kwa kiongozi wa mtaa, naye akaja taratibu, mtu wa heshima zake.

"Bibi, wewe umeshastaafu. Si ungepumzika kwa nyumba?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikamweleza kuhusu seli zilizostaafu, kwamba hazifi na hazikai kimya, zinawasumbua majirani. Hakuelewa, lakini aliondoka akitabasamu. Mkurugenzi naye alinipigia simu. Alisema namharibia jina kwa jambo la zamani, na kwamba watu wanaanza kuuliza. Nikamwambia, "Nenda redioni, mimi narudi nyumbani leo hii." Alikata simu.

Mnaniuliza ustaafu umenifundisha nini. Umenifundisha kwamba ukweli wa maabara hautembei wenyewe mpaka mtaani. Uongo wa redio ulifika Nyamirambo siku moja, na masahihisho yake bado yako kwenye ripoti mpaka leo. Ninyi mtakaoshika pipeti baada yetu, mkiona mkubwa wenu anachanganya chupa, pigeni kelele mbele ya wageni kama nilivyopiga. Na mkichekwa, pigeni tena.

Jana nilichelewa kufika barazani kwa sababu ya mvua. Nilipokata kona nikaona kigoda changu kimeshakaliwa. Aziza alikuwa ameketi, magongo yameegemezwa ukutani, kitenge amekipandisha mpaka gotini ili mguu uliokatwa uonekane na wote. Hakuwa ametoka nje tangu hospitali. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mmoja mwenye chupa.

"Hiyo inaimba kwa spika, inasema juu ya mtoto yangu mimi," alikuwa akimwambia. "Mtoto yangu ni huyu hapa, anashona. Ile ya kwa chupa haikuwa mtoto yangu, mama. Ilikuwa kansa. Dada yangu alinambia, nikakataa. Angalia."

Mwanamke aliangalia. Ng'ambo ya barabara Dogiteri alitoka mlangoni, akatutazama, akanyanyua mkono akaongeza sauti ya spika. Aziza naye akaongeza yake.